SAMAKI WA STAA HAWAKUROGWA, MAJI YALILALA! DOGO ALIPWE CHAKE

KUNA staa mmoja wa Bongo Fleva mwenye mjengo wake upande wa Mbezi Beach. Wiki iliyopita alitupia ujumbe mrefu Insta akilalamika kwamba mjini watu wana roho mbaya. Samaki wake wote wa baharini wamekufa. Lile tangi la sebuleni lenye taa za bluu, lililokuwa halikosi kwenye klipu zake, sasa limefunikwa shuka. Akamalizia na maneno mawili matatu kuhusu husuda, akaweka na kikopa kilichovunjika, mashabiki wakamwaga pole kama mtu aliyefiwa na ndugu.

Kuna kitu hakukiposti. Dogo aliyekuwa anasafisha tangi hilo amefukuzwa kazi, na mshahara wake wa miezi miwili umezuiwa "kufidia samaki". Kosa lake, kwa maneno ya bosi, ni kutia mkono wenye sabuni kwenye maji.

Sabuni gani hiyo inayoua kidogo kidogo kwa miezi minne? Maana samaki hawa hawakufa siku moja. Walianza kuhema juu ya maji asubuhi tangu mwezi wa pili, na klipu za bosi mwenyewe zinaonyesha. Mdau yeyote mwenye bando akarudi nyuma kwenye ukurasa wake ataona samaki wamejazana juu, midomo nje, na yeye anacheka eti "wanamsalimia baba yao". Hawakuwa wanasalimia. Walikuwa wanatafuta hewa.

Kisa chenyewe kiko hivi. Chanzo kilicho karibu na mjengo huo kinapasha kwamba tangi lina lita 600, limechomekwa ukutani kati ya sebule na chumba cha kulia. Fundi aliyelijenga ni hodari wa matangi ya maji baridi, yale ya samaki wekundu wanaokaa mapokezi ya hoteli. Kioo amekipatia, silikoni safi, kabati la mninga. Hapo apewe maua yake. Msala ulianzia chini ya kabati, kwenye pampu.

Pampu ilikuwa na stika inayosema lita 6,000 kwa saa. Fundi akapiga hesabu, 6,000 gawanya kwa 600, maji yanazunguka mara 10 kwa saa, kazi imeisha, leta hela. Kwenye karatasi hajakosea. Tangi la chumvi lenye samaki peke yao huwa linaanzia hapo hapo kwenye mara 10. Tatizo ni kwamba stika inataja kile pampu inachosukuma ikiwa haipandishi maji popote. Ukiiweka chini ya kabati, ukaitaka ipandishe maji mita moja na nusu kwenye paipu nyembamba yenye kona tano, ile 6,000 inabaki stori. Na stika hiyo hiyo ina namba ya pili ambayo hakuna aliyehangaika kuisoma, yaani urefu ambao maji yakifika hayatoki tena hata tone. Ya pampu hii ni mita 3. Maana yake kwenye mita moja na nusu ilikuwa imeshamaliza nusu ya nguvu zake, bado paipu na kona hazijala za kwao.

Kuujua ukweli kulihitaji ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Unakinga maji yanayorudi juu, unahesabu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30, hiyo ni lita 2,400 kwa saa basi. Kwa tangi la lita 600 ni mara 4. Mtu ametumia mamilioni kwenye kioo na taa, akashindwa ndoo.

Sasa mara 4 kwa saa kwenye maji ya chumvi ni nini? Ni maji yaliyolala. Maji ya bahari ya joto yanabeba oksijeni kidogo, karibu pungufu ya moja ya tano ukilinganisha na maji baridi ya joto lile lile. Oksijeni hiyo inaingilia juu, pale maji yanapogusana na hewa, kwa hiyo juu pakitulia kama kioo cha kujitazamia, mlango umefungwa. Usiku ndiyo mbaya zaidi. Taa zikizimwa, mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe unaacha kutengeneza oksijeni, na kila kilicho hai mle ndani kinaendelea kuivuta. Ndiyo maana samaki wa staa walikuwa "wanamsalimia" asubuhi na mchana wanaonekana wazima. Mtu wa sabuni angewaua mchana na usiku.

Kisha uchafu. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatafuta kona ambayo maji hayafiki, vinakaa hapo na kuoza. Mwezi wa pili ukaota utando mwekundu juu ya mchanga, kama kamasi. Staa akaupiga picha akauliza mashabiki kama hiyo ni "koral mpya". Wakamwambia ni pendeza! Ule si tumbawe, ni bakteria wanaopenda mahali ambapo maji yamesimama na chakula kimezidi. Ilikuwa ni taarifa, imeandikwa kwa rangi nyekundu, na mtu akaiwekea emoji ya moto.

Hapa ndipo dogo anapoingia, na hapa ndipo panapouma. Dogo huyu ni mtoto wa Kilwa, baba yake mvuvi. Hajui lita kwa saa, lakini anajua bamvua na maji mafu toka hajaanza shule. Siku moja anafuta kioo akamwambia bosi wake, kwa adabu zote, "Samahani bosi, haya maji yamelala. Kule kwetu matumbawe hayakai maji ya hivi."

Jibu alilopewa, mbele ya wageni, ni "Dogo, wewe futa vioo."

Mtu aliyekuwa na jibu sahihi kuliko fundi na kuliko mashabiki laki kadhaa akaambiwa afute vioo. Ndiye huyo huyo leo anaambiwa ameua samaki.

Pwani ya hapa maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Bado mkondo wa Afrika Mashariki unapita nje huko kuelekea kaskazini, bado kusi na kaskazi zinapokezana. Tumbawe limezaliwa ndani ya fujo hiyo. Na tumbawe, kwa wale wanaodhani ni jiwe la mapambo, ni mnyama. Halina miguu. Haliwezi kufuata chakula wala kuukimbia uchafu wake lenyewe. Maji ndiyo yanayomletea chakula na oksijeni, na maji ndiyo yanayomzolea taka. Kumweka kwenye maji yaliyolala ni kama kumfungia mtu chumbani, ukamnyima chakula na usimwagie ndoo ya choo. Ajabu ni kwamba bahari yenyewe iko karibu kabisa na geti la staa, usiku akizima muziki anaisikia.

Mwezi wa tatu wakazinduka. Wakazinduka vibaya. Staa akampigia fundi, "Fundi, ongeza nguvu, nataka mawimbi yaonekane kwenye kamera." Fundi akaleta pampu ya mawimbi, ile ya feni inayobandikwa kwenye kioo kwa sumaku. Lita 15,000 kwa saa. Hii haipandishi maji juu, inayasukuma humo humo ndani, kwa hiyo stika yake haidanganyi sana. Gawanya kwa 600 unapata mara 25. Na kwa matumbawe magumu ya matawi, yale yanayokaa mwambani wimbi linapovunjika, mara 20 hadi 40 ni kawaida kabisa. Kwa hiyo hata namba haikuwa ya ajabu.

Ubaya ni kwamba staa hakuwa na matumbawe ya matawi. Alikuwa na yale yenye mikono mirefu minene, yanayochezacheza kama shada la maua, kwa sababu ndiyo yanayopendeza kwenye klipu. Hayo yanataka maji yanayopapasa. Wao wakabandika pampu moja, upande mmoja, imetazama moja kwa moja kwenye shada hilo, umbali wa shubiri moja. Mkondo ulionyooka, usiopumzika, mchana na usiku. Nyama ikaanza kuchanika kwenye mifupa. Nenda kaangalie ile klipu ya wimbo wake mpya, nyuma ya bega lake la kushoto, utaona mikono ya tumbawe imelala yote upande mmoja kama miti kwenye kimbunga. Watu laki moja wamependa. Huku upande wa pili wa tangi mchanga umechimbika mpaka kioo cha chini kinaonekana, na nyuma ya mawe bado kuna kona iliyolala na utando wake mwekundu. Dhoruba huku, kinamasi kule, ndani ya tangi moja. Hiyo inaitwa kuzingua kwa gharama.

Halafu ikaja bethdei ya mchumba. Zawadi ikawa farasi wa bahari, jozi mbili. Yaani katika viumbe vyote vya majini, wakachagua kile ambacho hakiwezi kuogelea vizuri! Farasi wa bahari anajishikilia kwa mkia kwenye kitu na kusubiri chakula kipite mbele ya mdomo. Hana tumbo la kutunza chakula, kwa hiyo anatakiwa kula mara nyingi kwa siku. Anataka mkondo wa taratibu sana na wenzake wapole. Hawa waliwekwa mbele ya lita 15,000, pamoja na kangaja, samaki mkali mwenye mwiba mkiani anayependa maji ya kasi. Chakula kilikuwa kinapita kama basi la mikoani lisilosimama. Walidumu siku tisa. Keki ya bethdei ilikuwa bado ipo kwenye friji.

Kangaja ndiye alikuwa wa mwisho kufa, na yeye alimalizwa na usiku mmoja wa kukatika umeme. Nyumba ina jenereta. Ila jenereta lilikuwa limewekwa kwa ajili ya AC na studio, tangi halikuungwa. Kampu ndogo ya hewa ya betri, ambayo bei yake haifiki chupa moja anayofungua klabu, ingewafikisha asubuhi.

Sasa jipange foleni ya watuhumiwa. Wa kwanza husuda, wa pili dogo. Mwenye tangi hayumo, fundi hayumo, pampu haimo. Hii ndiyo tabia ambayo mastaa wa Bongo wamejizoesha, kitu kikienda vizuri ni "kazi ya mikono yangu", kikiharibika kuna mtu ametupiwa jicho. Na jicho likishindwa kutosha, anatafutwa mtu mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, asiye na mkataba wala ukurasa wenye tiki ya bluu.

Team yake watasema pesa ni yake, wenye wivu wajinyonge. Sawa, pesa ni yake. Anunue tangi la lita 6,000 kama anaweza, hakuna anayemkataza. Lakini mshahara wa dogo si pesa yake. Ule ulishafanyiwa kazi. Wengine watasema mbona hata watu wa hoteli samaki wao wanakufa. Wanakufa kweli, ila mwenye hoteli akikata mshahara wa mhudumu kwa sababu pampu ni ndogo, nyie nyie ndiyo mnaotaka atajwe.

Na isisemwe kwamba jambo hili linahitaji digrii au mzungu. Yupo dada mmoja mwenye saluni Sinza, wateja wake wanamfahamu. Pale kwenye benchi la kusubiria ana tangi la chumvi la lita 200. Samaki wawili wa Nemo na matumbawe laini, yale madogo madogo kama vifungo vya shati. Si mali ya kutisha. Pampu zake za ndani ni mbili, kila moja lita 1,500 kwa saa, jumla 3,000, ukigawanya kwa 200 ni mara 15, katikati ya ile 10 hadi 20 ambayo matumbawe laini yanafurahia. Lakini mteja akimuuliza, hata haanzi na namba. Anaanza na kidole. "Mama, tazama pale," anamwambia, halafu anatupia kipande kidogo cha chakula.

Kile kipande ndicho kipimo. Kinatakiwa kizunguke, kigeuke, kishuke, kipande, kipite nyuma ya jiwe na kutokea upande wa pili. Kikienda mstari mnyoofu mpaka kugonga kioo, mkondo ni mkali na wa upande mmoja. Kikianguka kikalala, hapo pamekufa. Dada wa saluni pampu zake kaziweka kona mbili tofauti, zinatazamana kwa mshazari ili mikondo igongane katikati na kuvunjikana, na hakuna hata moja inayolenga tumbawe. Moja kaipandisha karibu na juu, maji ya juu muda wote yanatetemeka. Ana saa ya soketi inayowasha moja na kuzima nyingine kwa zamu, ili maji yabadilike kama bahari inavyobadilika. Umeme ukikatika, kampu ya hewa ya betri inajiwasha yenyewe.

Na yeye aliua mwanzoni. Anasema mwenyewe, aliua samaki watatu, kwa sababu aliweka pampu moja kubwa akidhani kubwa ndiyo bora. Tofauti yake na staa ni kwamba alipoua, alikaa kwenye kiti usiku baada ya kufunga saluni, taa zimezimwa, na tochi, akaangalia maji yanakwenda wapi. Hakumwita msusi wake akamkata hela.

Mtu anayetaka kununua pampu aanze na mnyama, siyo na tangi na siyo na kamera. Unafuga nini? Farasi wa bahari, maji ya pole na tangi lake peke yake. Samaki tu, kuanzia mara 10. Matumbawe laini na yale ya mikono mirefu, kati ya 10 na 20, na mwendo wa kupapasa. Matawi magumu, 20 kwenda juu, na fujo ya kutosha. Kinachotaka tofauti kisiwekwe chumba kimoja, hata kama rangi zinaendana na sofa. Pampu mbili au tatu ndogo zinashinda moja kubwa karibu kila mara, na moja ikifa usiku nyingine inabaki. Pampu ya chini ya kabati isihesabiwe kwa stika, ihesabiwe kwa ndoo. Na chujio la pampu lioshwe, maana chumvi na konokono wadogo vinaingia mle, ile uliyonunua Januari siyo ile unayoitumia Juni.

Kuhusu hayo matumbawe yalitoka wapi, maneno ni mengi mjini, na staa ndiye wa kuyajibu. Itoshe kukumbusha kwamba Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, siyo duka la mapambo.

Fundi naye asijifiche. Mtu anapochukua tenda ya maji ya chumvi akiwa na uzoefu wa samaki wekundu tu, angalau aseme. Alilipwa mara mbili, ya kwanza kwa pampu iliyopungua, ya pili kwa pampu iliyozidi, na alipopigiwa simu samaki wamekufa akajibu, "Bosi, hapo kuna mtu kagusa maji." Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomtoa dogo kazini. Fundi yuko zake Mikocheni anajenga tangi lingine, la mtangazaji mmoja maarufu. Mtangazaji akachukue ndoo mapema.

Dogo kwa sasa yuko Feri, anabeba matenga ya samaki alfajiri, analala kwa shemeji yake Kigamboni. Hajaenda popote kulalamika. Anasema anaogopa kuonekana anatafuta kiki kwa jina la mtu. Anachodai ni miezi miwili ya 150,000, jumla 300,000. Ile pampu ya mawimbi iliyochana matumbawe ilinunuliwa kwa bei kubwa kuliko hiyo, na chanzo kinapasha kwamba hadi juzi ilikuwa bado imewashwa, inanguruma chini ya shuka kwenye tangi lisilo na samaki hata mmoja.